Mbona Wanafunga Mlango?

Hotuba kwa waandishi na waandaaji vijana wa filamu, Mbeya

Ndugu zangu, habari za asubuhi. Mliotoka Iringa na Njombe, kamwene. Wenyeji wa Rungwe mliotuandalia chai ya leo, ndaga fijo.

Kwenye ratiba somo langu limeandikwa "Mbinu za uandishi wa tamthilia". Mbinu mtazipata mchana kwa wenzangu wa kamera na uhariri, na wanazijua kuliko mimi. Mimi ni mwalimu wa fasihi. Saa hii niliyopewa naomba niitumie kumzungumzia mtu ambaye kwenye semina kama hizi hutajwa mwishoni, watu wakishachoka: yule anayeketi mbele ya kazi yenu na kuiangalia. Na hasa nataka tuizungumzie hasira yake. Maana mtakasirikiwa, vijana wangu. Ukiandika vizuri watakukasirikia, ukiandika vibaya watakukasirikia. Mwandishi asiyejua kuzitenganisha hasira hizi mbili ataanza kuwapunguzia watu uchungu waliokuwa tayari kuubeba, huku akiwaachia uongo ambao hawakuutaka kabisa.

Nitachukua mfano mmoja, nikae nao.

Tarehe 2 Juni 2013 kituo cha HBO cha Marekani kilirusha episodi ya tisa ya msimu wa tatu wa tamthilia ya Game of Thrones. Jina lake ni The Rains of Castamere, lakini watu wameizoea kwa jina la Harusi Nyekundu. Kwa ambao hawajaiangalia, nisameheni, leo nitawasimulia mpaka mwisho.

Robb Stark ni kijana aliyetawazwa mfalme wa Kaskazini, anapigana kumlipia kisasi baba yake aliyekatwa kichwa msimu wa kwanza. Vitani alihitaji kuvuka mto, na mwenye daraja ni mzee mmoja, Walder Frey. Mzee akamruhusu avuke kwa sharti kwamba atakuja kuoa binti yake mmoja. Robb akapenda kwingine, akamwoa Talisa, ahadi ikavunjika. Ili yaishe, wakakubaliana kwamba mjomba wa Robb, Edmure, ndiye atakayeoa kwa mzee badala yake. Basi wanakwenda harusini: Robb, mkewe mjamzito, mama yake Catelyn, na jeshi linakunywa nje kwenye mahema. Wanapokelewa kwa mkate na chumvi. Katika nchi ile ya kubuni, mgeni akishaonja mkate na chumvi chini ya paa la mwenyeji, damu yake haiguswi. Usiku, bwana na bibi harusi wakishasindikizwa chumbani, milango ya ukumbi inafungwa. Wanamuziki walioko juu wanabadilisha wimbo. Talisa anachomwa kisu tumboni, mara nyingi. Mishale inaporomoka kutoka kule kule walikokuwa wanamuziki. Robb anauawa mbele ya mama yake, kisha mama naye anakatwa koo. Majina ya waigizaji yanapita bila muziki wowote.

Watu walipigwa na butwaa. Hadithi yenyewe ilikuwa imeshatoka kwenye kitabu cha George R. R. Martin tangu mwaka 2000, kwa hiyo waliokisoma walikuwa wameitunza siri hiyo miaka 13. Usiku ule wengi wao walitega simu na kamera wakawarekodi marafiki na wenzi wao wasiojua lolote, kisha wakaziweka video zile YouTube. Zipo mpaka leo, na ningewaomba mzitafute, kwa sababu hakuna kitabu cha uandishi kitakachowafundisha kama zile nyuso. Utaona mtu ameziba mdomo kwa mikono miwili. Mwingine amesimama, anatembea chumbani, anarudi, anasema hapana, hapana. Mwingine anaitukana skrini. Wapo walioapa kwamba hawataangalia tena. Na Martin mwenyewe amekwisha kusimulia kwamba sura ile ndiyo iliyomwia ngumu kuliko zote alizoandika. Aliiruka, akaandika kitabu chote kilichobaki, ndipo akarudi kuimalizia.

Mimi episodi hiyo niliiangalia miaka kadhaa baadaye, hapa hapa mjini, sebuleni kwa dada yangu Iyunga. Mwezi wa saba, na baridi ya Mbeya mnaijua, watu wamejifunika mablanketi kwenye makochi. Kijana wa dada, mwanafunzi wa chuo, alikuwa na sizoni nzima kwenye flashi. Kila usiku alimfasiria mama yetu mkubwa, aliyekuja kutoka Tukuyu kukaa nasi. Mama mkubwa hajui Kiingereza. Majina yale ya kizungu nayo hakuhangaika nayo, aliwapa wahusika majina ya kwetu. Catelyn alimwita Mama Robu. Alimfuata Mama Robu tangu episodi ya kwanza: alipofiwa na mume, alipokosana na mwanawe kwa sababu ya ndoa ile, alipokaa peke yake usiku akijilaumu. "Mama Robu amechoka," alikuwa akisema. "Huyu mama hajalala."

Usiku wa harusi mama mkubwa alikuwa mchangamfu. Alifurahi kwamba bibi harusi, ambaye kila mtu alidhani atakuwa mbaya wa sura, alipofunuliwa shela akatokea mzuri. Alimsifia Robb kwa kumnong'oneza mkewe. Halafu yule mtu akaenda mlangoni. Hakuna aliyepiga kelele pale, hakuna kisu kilichoonekana bado. Mtu amekwenda tu kufunga mlango. Mama mkubwa akaacha kutafuna karanga.

"Mbona wanafunga mlango?"

Kijana, ambaye alikuwa ameshaiangalia, akakaa kimya.

"We mtoto, nakuuliza. Harusi gani inafungwa mlango na watu bado wanakula?"

Ndugu zangu, fikirini harusi zetu. Kamati inakaa miezi, michango inachangwa, kadi zinagawiwa, lakini siku yenyewe ikifika mlango wa ukumbi unabaki wazi mpaka muziki unapozimwa. Hata mtoto wa jirani ambaye hakuandikwa popote atapata sahani ya pilau. Mama yule alikuwa anasoma filamu kwa kutumia maisha yake yote, na alisoma sawasawa. Kwenye skrini Catelyn naye alikuwa ameona kitu kile kile, kwa wakati ule ule. Kamera inamwonyesha akiutazama mlango, kisha akiusikiliza wimbo, kisha akishika mkono wa yule bwana aliyekaa karibu naye, Roose Bolton, na kuufunua. Chini ya nguo ya harusi kuna vazi la vita la pete za chuma. Mama mkubwa akasema kwa sauti, "Amevaa chuma!" kabla Mama Robu hajafungua kinywa kumwonya mwanawe.

Yaliyofuata mnayajua. Mama mkubwa hakulia. Alisimama akaenda mpaka mlango wa jikoni, akageuka, akasema, "Na chumvi yao wamekula." Akaagiza televisheni izimwe. Akasema sizoni hiyo imemwishia. Kesho yake jioni, vyombo vikishaoshwa, akamuuliza kijana kama yule binti mdogo wa Mama Robu aliyekuwa nje ya ngome, Arya, walimwona. Kijana akachomeka flashi.

Nimekaa na tukio hilo muda mrefu kwa sababu ndani yake kuna karibu kila ninachotaka kuwaambia.

Cha kwanza, mshtuko ule ulijengwa. Harusi Nyekundu ni episodi ya 29 tangu tamthilia ianze. Kwa episodi 28 watu wamepewa nafasi ya kumpenda Robb na kumhurumia mama yake. Ahadi ya ndoa aliitoa mbele yetu na kuivunja mbele yetu, kwa hiyo hakuna kilichoanguka kutoka mbinguni. Mkate na chumvi tumeviona vinapelekwa mkononi. Na ule wimbo! Wimbo unaopigwa pale ni wa ukoo wa Lannister, maadui wa Robb, unaosimulia namna walivyoiangamiza familia iliyothubutu kuwaasi. Waandishi hawakuuleta ghafla. Uliimbwa msimu wa pili, na katika episodi iliyotangulia tu, tena harusini, Cersei Lannister anamsimulia Margaery kisa cha familia ile kwa utulivu, kama tishio. Mtazamaji makini aliufikisha wimbo mpaka kwenye ukumbi wa mzee Frey akiwa na maana yake mkononi. Wanamuziki walipouanza hakuhitaji kuambiwa.

Linganisheni na script nyingi ninazoletewa. Msichana anagongwa na gari sekunde ya mwisho. Baba anagundulika kuwa jini dakika tano kabla ya mwisho, na hakuna jambo lililotuandaa. Mwandishi ananiambia, "Mwalimu, nilitaka watu washtuke." Watashtuka, ndiyo. Hata mlango ukibamizwa na upepo watu hushtuka. Mama mkubwa aliumia, na kuumia huko kulimfanya arudi.

Cha pili ni steringi. Mmekulia kwenye vibanda umiza kama nilivyokulia mimi, na sote tunajua kanuni ya kule: steringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, ataanguka kwenye maporomoko, lakini mwisho atasimama na adui atalala. Nimesikia waandaaji wakisema hadharani kwamba hadhira yetu ya nyanda za juu haijazoea, ukimuua steringi watu watadai hela yao. Hilo nalikataa kwa nguvu zangu zote.

Nendeni Kalenga, nje kidogo ya Iringa. Pale kwenye makumbusho kuna fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi lake liliwashinda Wajerumani Lugalo na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Mwaka 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka. Akaendelea kupigana akijificha porini mpaka Julai 1898, alipojipiga risasi kuliko kukamatwa. Kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Kikadaiwa kwenye Mkataba wa Versailles baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na kikarudi Iringa mwaka 1954. Wahehe wameisimulia hadithi hiyo kizazi kwa kizazi, na hakuna mtoto aliyedai imalizwe kwa ushindi. Huko pwani nako Fumo Liyongo, shujaa aliyeshindikana kwa mikuki na kwa minyororo, anauawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni, kwa tamaa ya ndoa aliyoahidiwa. Ndoa tena, mnaona, na usaliti wa mtu wa ndani. Wanafunzi wangu wa kidato cha tano wanapofika pale darasa zima hupiga kelele. Kelele zile zile za YouTube. Watu wetu wanajua kumlilia shujaa tangu kale, na anayesema hawajazoea hajawahi kukaa nao jioni wakisimuliana.

Sasa tuje kwenye hasira ya pili.

Tamthilia ile ile, mwaka 2019, msimu wa nane na wa mwisho. Tarehe 12 Mei ilirushwa episodi inayoitwa The Bells. Daenerys, malkia ambaye misimu iliyotangulia aliwafungua watumwa minyororo, anapanda joka lake na kuuteketeza mji uliokwisha kusalimu amri, pamoja na akina mama na watoto wake. Watu wakakasirika. Safari hii hawakuziba midomo, walichukua kalamu. Ombi la kutaka msimu mzima uandikwe upya lilivuka sahihi milioni moja na nusu.

Kwa mbali utadhani ni jambo lile lile: watu wamependa, watu wameumizwa. Lakini sikilizeni wanachosema. Baada ya Harusi Nyekundu watu walisema, "Wamewezaje kuwafanyia hivi!" Waliokuwa wanasemwa ni mzee Frey na akina Lannister. Baada ya The Bells watu walisema, "Wamewezaje kuandika hivi!" Hapo wanaosemwa ni waandishi. Mtazamaji ametoka ndani ya hadithi, amesimama nje, anawadai. Tena wengi hawakupinga kwamba Daenerys anaweza kuwa katili. Dalili zilikuwepo tangu zamani, na mimi nasimama na wanaosema kwamba safari ile ilikuwa na mantiki. Walichodai ni muda. Msimu wa tatu ulikuwa na episodi kumi, wa nane ulipewa sita. Jambo lililohitaji kupikwa polepole lilikimbizwa, na watu walilihisi hata kama hawakuwa na jina la kuliita.

Kuna mfano mdogo ninaoupenda zaidi, wa Agosti 2017, kwenye episodi ya Beyond the Wall. Mashujaa wamezingirwa na jeshi la wafu kwenye barafu. Mmoja anakimbia kurudi ngomeni, kunguru anatumwa kusini na barua, Daenerys anaisoma, anapanda joka na kufika kuwaokoa. Mashabiki wakatoa ramani, wakapiga hesabu ya mwendo wa kunguru, wakasema haiwezekani. Mwongozaji Alan Taylor ikabidi alizungumzie suala hilo kwa waandishi wa habari. Fikirini vizuri. Watu hawa wamekubali joka. Wamekubali maiti zinazotembea. Kunguru aliyewahi kufika ndiye wakamkataa.

Hili nawaomba mlishike, hasa ninyi mnaotaka kuandika hadithi za maajabu, kwa sababu hapa tulipo tumezungukwa na maajabu yanayosubiri waandishi. Ziwa Ngosi liko juu kule kwenye kreta ndani ya msitu, na wazee wana masimulizi yake. Iringa kuna Gangilonga, jiwe linaloongea. Mbozi kuna kimondo cha tani nyingi za chuma kilichotua kutoka angani. Andikeni kwamba jiwe lile limeongea, mtu wa Iringa atakaa kitako akusikilize. Lakini ukimtoa mhusika wako Dar es Salaam kwa basi asubuhi na kumfikisha Mbeya kabla ya chakula cha mchana, umekwisha. Mtazamaji wako ameupanda mlima Kitonga nyuma ya malori, anajua safari ile inavyokula siku. Ajabu atakupa bure. Mambo anayoyaishi kila siku atakudai mpaka senti ya mwisho.

Na mkiweka sheria ya kubuni, iwe na gharama. Kama mzimu wa ziwani hawezi kuvuka barabara ya lami, asivuke hata siku ambayo hadithi yenu ingerahisika akivuka. Mkate na chumvi ilikuwa sheria ya kubuni, na ilipovunjwa mama wa Tukuyu alisimama kwa hasira kwa sababu ilikuwa imeheshimiwa muda mrefu kiasi cha yeye kuiamini.

Nigusie jambo moja la ufundi, wenzangu wataniwia radhi. Tarehe 28 Aprili 2019 ilirushwa The Long Night, episodi ya tamthilia ile ile, vita ya usiku mmoja, dakika 82, iliyorekodiwa kwa usiku 55. Watazamaji kwa maelfu walilalamika kwamba hawaoni kitu, skrini ni giza tupu. Mpigapicha mkuu, Fabian Wagner, alijibu kwamba haikuwa na giza kupita kiasi, tatizo ni namna watu walivyozirekebisha televisheni zao na namna picha ilivyobanwa ili irushwe. Kitaalamu pengine ana haki yake. Mimi nasimama na watazamaji. Kazi yenu haitaangaliwa kwenye chumba cha uhariri. Itaangaliwa Mwanjelwa kwenye televisheni ndogo iliyotundikwa juu, jua linaingia mlangoni, faili limeshanakiliwa kutoka flashi moja hadi nyingine mpaka limechoka. Au kwenye simu yenye ufa, ndani ya daladala ya Uyole. Ipelekeni huko kabla hamjaitangaza. Kama uso wa mhusika hauonekani, rudini mkaongeze taa.

Mtaniuliza mtajuaje hasira mnayoipata ni ipi. Kaeni na watu. Wasimulizi wetu wa filamu, tangu enzi za Lufufu na kanda zake, wanaijua hadhira kuliko wasomi wengi, kwa sababu sauti yao inakwenda sambamba na pumzi za watu. Namba za waliotazama mtandaoni zitawaambia wangapi walifungua, na hazitawaambia dakika ambayo mama mmoja aliacha kutafuna karanga. Mimi ningetaka kila mmoja wenu aijue dakika hiyo kwenye kazi yake. Kaa pembeni, usiangalie skrini, angalia nyuso. Mtu akigeukia simu, andika dakika. Akiuliza swali, andika swali lenyewe kwa maneno yake, na usilijibu. Akikasirika, sikiliza anamtaja nani: mhusika wako, au wewe.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni hii. Wale ambao filamu zao fupi zimekamilika, mpaka Ijumaa ziwe zimeangaliwa na watu wasiowafahamu na wasio wa fani yetu: mama lishe wa sokoni, mafundi wa gereji, mabinti wa saluni, madereva wa bajaji pale Kabwe. Msiwaeleze chochote kabla. Msijitetee baadaye. Jumamosi tutakaa hapa saa tatu, kila mtu atasoma alichoandika kuhusu nyuso za watu, na tutaamua pamoja ni scene ipi inapigwa upya na ipi inaachwa iume. Walioko kwenye hatua ya script wataisoma kwa sauti kwa wazee wa nyumbani, na mambo ni yale yale.

Nimemaliza upande wangu. Naona mikono imeshanyooshwa. Dada wa pale nyuma mwenye sweta la kijani, karibu uanze.